Picha Haimfungi Mtoto Mdomo

*Mfululizo wa usonji: leo tunaingia darasani*

1/8

Tunaendelea pale tulipoishia.

Tangu nilipogusia picha wiki iliyopita, inboksi yangu imejaa swali moja lenye sura nyingi. "Nesi, mwalimu wa awali amebandika picha kwenye meza ya mwanangu. Akitaka maji anashika picha ya kikombe. Bibi yake anasema tukikubali hilo, mtoto hataongea maisha yake yote. Tukatae?"

Jibu nalitoa mapema, ili hata anayeishiwa bando alipate: msikatae. Mwambieni mwalimu asante, halafu mwombeni nakala za picha hizo mzipeleke nyumbani.

Namheshimu sana bibi, na hofu yake ina mapenzi ndani yake. Lakini hofu hiyo inamgharimu mjukuu. Mtoto asiye na maneno bado ana mambo mengi ya kusema. Ana njaa, ana kiu, anachoka, anaogopa, anaumwa. Ukimnyima picha kwa kusubiri maneno, humfundishi kuongea. Unamwacha akae bila njia yoyote mpaka siku maneno yatakapokuja, na kwa watoto wengine siku hiyo inachelewa, kwa wengine haifiki.

2/8 Kwani sisi hatutumii picha?

Kabla hatujamcheka mtoto wa kadi, tujiangalie wenyewe.

Wazee wetu wanakumbuka uchaguzi wa mwaka 1965 na chaguzi zilizofuata za chama kimoja. Kwenye karatasi ya kura mgombea mmoja alikuwa na alama ya jembe, mwingine alama ya nyumba. Kwa nini? Kwa sababu watu wengi hawakujua kusoma, na nchi iliona si haki mtu akose sauti kwa sababu ya herufi. Hakuna aliyesema jembe na nyumba vitawafanya wananchi wasijifunze kusoma. Kisomo cha watu wazima kilikuja, na watu wakasoma.

Leo hii bibi asiyejua kusoma anajua alama ya simu ni ipi, ya kupiga ni ya kijani, ya kukata ni nyekundu. Nikimpa mama dawa mseto ya malaria, ninamwonyesha michoro ya pakiti, siyo maandishi. Dereva hasomi insha barabarani, anaangalia alama.

Sasa basi. Neno la mdomoni likishatoka, limepotea. Mwalimu akisema "wekeni madaftari, oshine mikono, pangeni mstari, twendeni uji", hayo ni mambo manne kwa pumzi moja, katikati ya kelele za watoto hamsini. Mtoto mwenye usonji anaweza kushika la mwisho tu, au asishike hata moja. Picha haipotei. Inamngoja. Anaweza kuitazama mara tatu, mara kumi, kwa mwendo wake, na haimfokei akirudia.

Sisemi kila mtoto mwenye usonji hujifunza kwa macho. Usonji una sura nyingi, na wapo wanaoongea kama redio. Lakini kwa wengi, jicho hushika kuliko sikio.

Na kama hujapima masikio ya mwanao, anza hapo. Mtoto anayechelewa kuongea apimwe usikivu kwanza. Na kama alikuwa na maneno halafu yakapotea, hilo usilisubirie. Nenda hospitali wiki hii.

3/8 Hofu kubwa: "hataongea tena"

Hili limechunguzwa, tena zamani kidogo. Mwaka 2006 watafiti watatu wa Marekani walikusanya tafiti zilizokwisha kufanyika juu ya watu wenye ulemavu wa ukuaji, wakiwemo wenye usonji, waliofundishwa kuwasiliana kwa ishara za mikono, picha na vifaa vingine. Waliwachambua wale 27 ambao ushahidi wao ulikuwa imara. Takriban 9 kati ya kila 10 waliongeza maneno ya mdomoni. Waliobaki hawakubadilika. Aliyepungukiwa maneno hakuwepo hata mmoja.

Rudia hiyo ya mwisho: hata mmoja.

Lakini mimi ni nesi, sikuuzii dawa kwa kuficha maelezo yaliyo nyuma ya boksi. Ongezeko hilo kwa wengi lilikuwa dogo. Kwa hiyo yule anayekwambia "nunua kadi zangu, miezi mitatu mtoto anaongea" mkimbie. Picha si dawa ya kuleta maneno. Picha ni njia ya kusema LEO, wakati maneno yakiwa bado njiani. Yakija, tutashukuru. Yasipokuja, mtoto hatakuwa amekaa miaka sita akilia bila kueleweka.

Na fikiria kwa akili ya kawaida tu. Mtoto anayeng'ang'anizwa "sema maji! sema maji! husemi hupewi" anajifunza nini? Anajifunza kwamba kuwasiliana ni vita. Yule anayetoa picha ya maji na kusikia "maji! haya, maji haya hapa", akapewa hapo hapo, anajifunza kwamba nikimwendea mtu, mtu ananijibu. Maneno hujengwa juu ya hilo.

4/8 Darasani inafanyikaje?

Nawaeleza ili mkienda shuleni mjue mnachoangalia. Kuna matumizi matatu makubwa.

La kwanza ni *ratiba ya picha*. Picha zinapangwa kutoka juu kwenda chini au kushoto kwenda kulia: begi, mstari, hesabu, uji, kucheza, kurudi nyumbani. Kila jambo likiisha, mtoto mwenyewe anatoa picha yake na kuitia kwenye kibahasha cha "imeisha". Kwa mtoto ambaye mabadiliko yanamtisha, kujua kinachofuata ni nusu ya utulivu. Chuo Kikuu cha North Carolina kule Marekani kimefundisha walimu namna hii tangu miaka ya 1970, na sehemu kubwa ya kazi ile ni kupanga chumba, muda na shughuli ili mtoto aone kwa macho kinachotakiwa.

La pili ni *kwanza, halafu*. Picha mbili tu kwenye kipande kimoja cha boksi. Kwanza kuandika, halafu bembea. Ni ahadi, na ahadi lazima itimizwe. Mwalimu akimaliza kuandika akasema "bembea kesho", amejiharibia kazi.

La tatu ni *kutoa picha ili kupata kitu*. Njia inayojulikana zaidi ilianzishwa mwaka 1985 jimboni Delaware, Marekani, na Andy Bondy na Lori Frost. Inaanza kwa watu wazima wawili. Mmoja yuko mbele ya mtoto na kitu anachokipenda, tuseme karanga. Mwingine yuko nyuma ya mtoto, kimya. Mtoto akinyoosha mkono kwenye karanga, wa nyuma anamsaidia kushika picha na kuiweka mkononi mwa wa mbele. Wa mbele papo hapo anasema "karanga!" na kumpa. Pale mwanzo hakuna kumuuliza "unataka nini?", kwa sababu lengo ni mtoto aanze mwenyewe, asingoje kuulizwa. Taratibu msaada wa nyuma unapunguzwa, umbali unaongezwa, picha zinakuwa mbili, tano, mpaka anaunga sentensi: *nataka* + *karanga*.

Mmeona? Hii ni tofauti na kumwonyesha mtoto picha na kumwambia "hii nini?" Huo ni mtihani. Hapa mtoto anamwendea mtu na kumwambia jambo.

5/8 Hapa ndipo ninapogomba

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hili ndilo lililonifanya niandike leo.

Madarasa mengi yanayosema "tunatumia picha" yana picha za aina moja: kaa, nyamaza, sikiliza, panga mstari, mikono chini. Zimebandikwa ukutani, zinapendeza, wageni wakija wanazipiga picha. Lakini tazama zinaelekea upande gani. Zote zinatoka kwa mwalimu kwenda kwa mtoto. Hakuna hata moja inayotoka kwa mtoto kwenda kwa mwalimu. Hayo si mawasiliano, jamani. Hizo ni amri zilizochorwa.

Nikiingia darasa la hivyo natafuta picha tano. Zikikosekana, kwangu mimi kazi haijaanza:

*Hapana / sitaki.*
*Basi / nimechoka.*
*Nisaidie.*
*Kelele zinaniumiza.*
*Inauma.*

Hiyo ya mwisho naisema kama nesi. Sikio likiuma, mtoto anayeongea analishika na kusema "mama, sikio". Asiyeongea atajipiga kichwa, atang'ata mkono, atamsukuma mwenzake, atakataa kukaa. Tumbo pia. Choo kigumu huwasumbua watoto wengi wenye usonji, na tumbo lililojaa siku tano halimwachi mtu kutulia kwenye dawati. Jino lililooza vivyo hivyo. Pale darasani yote hayo yanaonekana kama utukutu. Na kwetu utukutu dawa yake watu wanaijua: fimbo.

Hebu fikiria hilo. Mtoto ana usaha sikioni, hana neno la kusema, anajipiga kichwa, anachapwa. Akichapwa analia zaidi, anaambiwa kiburi. Kila mtu pale amejaribu kuongea naye, hakuna aliyempa njia ya kujibu.

Mchoro wa mwili wa mtoto, mbele na nyuma, na picha ya uso unaolia. Hicho tu. Mtoto anafundishwa akiwa mzima, kwa mchezo, kugusa sehemu: kichwa, sikio, jino, tumbo. Usisubiri augue ndipo uanze kumfundisha. Nakala moja shuleni, moja nyumbani, moja kwenye mkoba wa kliniki. Ukiniletea mtoto na karatasi hiyo umenisaidia kuliko maelezo ya nusu saa.

Najua "hapana" inawatisha walimu na wazazi. "Nesi, si atakataa kila kitu?" Atakataa vingi mwanzoni, kweli. Mtu aliyenyimwa neno miaka minne akilipata atalitumia. Huna lazima ya kukubali kila "hapana". Sindano ya chanjo itachomwa tu. Lakini utamjibu: "nimekusikia, hutaki, tunamaliza haraka." Na kuna sababu nyingine nzito. Mtoto asiyeweza kusema "sitaki" na "inauma" ndiye mtu mbaya anayemtafuta, kwa sababu hatasimulia. Picha ya *hapana* ni ulinzi.

6/8 Picha ziwe za kwetu

Nimeona kadi nzuri za kununua: mkate wa soseji, basi la njano la shule, choo cha kukalia chenye mfuniko. Mtoto wa Temeke anapanda daladala, anakunywa uji, na choo cha shule ni cha kuchuchumaa. Ataunganishaje? Picha inafanya kazi pale mtoto anapoona kwamba *hii* ndiyo *kile*.

Kwa hiyo anza na simu yako. Piga kikombe chake mwenyewe, choo chenyewe, sweta lake, mwalimu wake. Kitu kimoja kwenye picha, nyuma pawe wazi. Siyo kikombe, na mezani pana chupa, na mtoto wa jirani anapita. Kuna watoto ambao hata picha ya simu bado haiwaingii. Hao anza na vitu vyenyewe. Kijiko maana yake chakula, kipande cha sabuni maana yake kuoga. Akishika hapo, peleka kwenye picha, halafu kwenye mchoro mwepesi. Siku zote andika neno chini yake, kwa herufi ndogo zilizo wazi. Wapo watakaosoma kupitia hapo hapo.

Ukitaka michoro iliyo tayari, ipo ya bure. Serikali ya jimbo la Aragon, Hispania, inagharamia mkusanyiko wa michoro unaoitwa ARASAAC. Una maelfu ya alama, unaruhusiwa kuzipakua na kuzichapa mradi utaje zilikotoka na usiziuze.

Gharama? Boksi la sabuni, mkasi, selotepu pana ya uwazi kuifunika ili uji usiiharibu. Vibanio vya nguo na kamba vinatosha kutundika ratiba. Kama stesheneri ya mtaani kwenu wanapiga laminesheni kwa bei nafuu, vizuri, lakini usikwame kwa sababu ya hiyo. Anza na picha tatu. Ndiyo, tatu. Mama mmoja akiniambia amechapa themanini siku ya kwanza, najua wiki ijayo zitakuwa chini ya godoro.

7/8 "Mwalimu ana watoto themanini, nesi"

Najua. Wala simlaumu mwalimu, tunafanana sisi na wao. Na sisi tuna foleni mpaka nje ya geti.

Lakini ratiba ya picha ukutani haimsaidii mtoto mmoja tu. Darasa zima la awali halijui kusoma! Yule mgeni wa Kiswahili aliyekuja kutoka kijijini na lugha ya bibi, yule asiyesikia vizuri, yule mwoga, wote wanaitumia. Na mtoto mwenye usonji haonekani tena kama kioja chenye kadi, kwa sababu kadi ni za wote. Wafundisheni na wenzake kupokea picha. Watoto ni wepesi kuliko sisi.

Kuna utafiti wa Uingereza wa mwaka 2007 ambao huwa naukumbuka. Watoto 84 wenye usonji shuleni. Walimu wao walifundishwa ile njia ya kutoa picha, na wataalamu wakawa wanawatembelea darasani kwa miezi. Watoto walianza kuwaendea watu na kuomba mara nyingi zaidi. Vipimo vya maneno ya mdomoni havikuonyesha ongezeko. Na wataalamu walipoacha kuja, yale mafanikio hayakudumu.

Wengine wanausoma utafiti huo na kusema "mmeona, picha hazifai". Mimi nausoma tofauti. Picha zilifanya kazi pale watu wazima walipozishika, zikalala pale watu wazima walipolala. Semina ya siku mbili halafu kila mtu kimya haitoshi. Anayetakiwa kuendelea kuuliza "picha zikoje?" wiki baada ya wiki ni mimi na wewe, mzazi.

Tena huombi fadhila. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Mkataba ule unahesabu njia mbadala za mawasiliano kuwa mawasiliano kamili, na unazitaja tena kwenye kifungu cha elimu. Mwaka 2010 tukatunga na sheria yetu ya watu wenye ulemavu. Kwa hiyo nenda shuleni kwa adabu, na maandazi ukipenda, lakini ujue unakwenda kudai haki ya mtoto.

Na jambo moja ambalo halina mjadala kwangu: picha haichukuliwi kama adhabu. "Umekuwa mbaya, leo hupewi kadi zako" ni sawa na kumziba mtoto mdomo kwa mkono. Anaweza kunyimwa bembea. Hawezi kunyimwa njia ya kusema.

8/8 Wiki hii fanya haya

Moja, muulize mwalimu: "Mwanangu akitaka kusema hapana, au inauma, anatumia nini?" Akikosa jibu, msigombane. Mpelekee picha hizo mbili.

Mbili, mtengenezee mtoto picha tatu za vitu anavyovipenda kweli, siyo unavyotaka avipende wewe. Kama ni karanga, ni karanga. Ziweke anapofikia mkono.

Tatu, kila akikupa picha, sema neno lake mara moja, kwa sauti ya kawaida, na umpe. Usimlazimishe arudie.

Nne, kaa na bibi. Usibishane naye. Mwache apokee picha ya karanga mkononi mwake mara mbili tatu kutoka kwa mjukuu wake. Mkumbushe jembe na nyumba. Bibi akishaingia upande wenu, nyumba nzima imeingia.

Tano, daftari moja dogo liende na kurudi na begi: leo ameomba nini, amekataa nini, amegusa wapi akiumwa. Mwalimu anaandika mstari mmoja, wewe unaandika mmoja.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hiyo hata kama si mwanao, yupo mtaani kwenu, yupo kwenye daladala yenu, huenda yupo dawati la nyuma ya mwanao. Mtumie mama mwenzako ujumbe huu, hasa yule ambaye watu wanamwambia mtoto wake amerogwa au amedekezwa.

Wiki ijayo tutaongelea usingizi, maana najua wengi wenu mnasoma hii saa nane usiku. Maswali wekeni hapo chini, na mwenye picha alizochora mwenyewe atuonyeshe, wengine waige.

Ni mimi nesi wenu.